Huu Mkono wa Nani?

Mimi si mtu wa hadithi. Muulize yeyote hapa Njombe mjini atakwambia: yule mama wa vikapu ana mdomo, ana hasira za karibu, lakini uongo hana. Basi na mimi nakwambia haya yalinipata kwa sababu ya uongo mmoja tu, uongo wa biashara, mdogo, ambao hata wewe ungeusema. Tena yalinipata mchana, pale Makambako, nikiwa na akili zangu zote. Usipotaka kuamini, shauri yako. Mkono wenyewe ninao hapa.

Nasuka vikapu vya milulu, yale majani marefu yanayoota bondeni kwenye majimaji. Nilifundishwa na mama yangu, nyumbani kwetu karibu na Ilembula, kabla hata sijajua kusoma. Sasa, sisi wasukaji tukisema mkono hatusemi nyama na mifupa. Tunasema namna mtu anavyokaza, nakshi yake, upande anaozungushia kazi. Niwekee vikapu kumi mbele, nitakutajia: huu mkono wa fulani, huu mkono wa fulani. Mkono wa mama yangu, ambao ndio ulikuwa wangu, ni ngazi ndogo nyeusi zinazopanda kuelekea kulia. Mama hana shamba la kunirithisha wala ng'ombe. Alinipa hizo ngazi, na ndizo zilizonijengea nyumba na kunisomeshea watoto.

Jumapili moja baada ya ibada tulitoka nje kwa ajili ya mnada. Walutheri wenzangu mnaujua mnada huu: asiye na hela analeta kuku, mahindi, parachichi, na mzee wa kanisa anavinadi pale mlangoni, fedha inaingia kwenye sadaka. Siku hiyo mzee wa kanisa akanyanyua kikapu juu, akapaza sauti, "Maharage na chombo chake! Nani anamtolea Bwana?"

Maharage sikuyataka, ninayo nyumbani mpaka yanaliwa na wadudu. Macho yangu yalikuwa kwenye chombo. Jamani, kile kikapu! Kilikazwa mpaka ungeweza kutilia maji. Nakshi yake ilikuwa mistari ya zambarau iliyopindapinda, na yote ilielekea kushoto, jambo ambalo sijaliona kwa msukaji yeyote. Ila hakikuwa kimemalizika. Ncha za milulu zilichomoza juu ovyo, zimefungwa kwa kipande cha mpira. Nikapandisha bei mpaka wenzangu wakaniachia.

Aliyeleta maharage yale alikuwa mzee mmoja mpole, Baba Neema, wa kijiji kilichopo njia ya Kidugala. Akanifuata.

"Dada, kikapu hicho hakina mdomo."

"Naona, baba. Hayatamwagika, usijali."

"Ni cha marehemu mke wangu, Mama Neema. Aliishia hapo."

"Oo, pole sana."

Akasimama kama mtu mwenye neno la kuongeza. Mara jogoo akamponyoka mzee wa kanisa, akakimbilia kwa wanakwaya, watu wakaangua vicheko, na mimi nikaenda zangu. Siku hizi namkumbuka yule jogoo kwa uchungu. Asingeponyoka, ningesikia lile neno.

Majuma mawili baadaye kulikuwa na maonyesho ya wajasiriamali Makambako. Wenye maonyesho walitaka kila mwenye meza aweke kazi moja mpya ya kushindania, na mshindi apelekwe kwenye maonyesho makubwa Dar es Salaam. Dar! Miaka yote nimeuza vikapu kando ya barabara hapa Njombe huku nikipigwa na baridi, nikitamani siku moja mtu wa mbali aione kazi yangu. Nikasuka kimoja, sikukipenda. Nikasuka cha pili, nacho hivyo hivyo. Kila nilipoinua macho nakiona kikapu cha Mama Neema pale kwenye kona, kinang'aa. Nikajisemea, marehemu hauzi. Nikazikunja zile ncha, nikakifunga mdomo jioni moja, kazi ya saa mbili tu, nikakipaka mafuta kidogo.

Najua unategemea niseme taa ilizimika au paka alilia. Wapi! Nilikula ugali wangu nikalala fofofo.

Makambako nako unakujua kwa upepo. Siku ya tatu ya maonyesho upepo ulikuja na manyunyu na ukungu, kiasi kwamba mahema ya mbele nilikuwa siyaoni. Saa nane mchana mgeni rasmi akaingia, na watu wote wakakimbilia kwenye jukwaa kumwona. Mimi sikuwa na wa kumwachia meza. Nikabaki nimejifunga blanketi, na jirani yangu Mama Asali alikuwa ameinama nyuma ya meza yake anapanga chupa.

Nikaona mwanamke amesimama mbele yangu. Wa rika langu, amejifunga kitenge cha kazi, na miguu ina tope bichi mpaka kwenye vifundo, tope jeusi la bondeni. Nikashangaa, maana uwanja ule una vumbi jekundu na changarawe. Alinuka milulu mibichi. Harufu hiyo naijua kuliko marashi.

"Kamwene," akanisalimia.

"Kamwene, mama. Karibu vikapu."

Hakuangalia kingine. Akakielekea kile kile, akapitisha kidole kwenye mdomo niliousuka mimi, polepole, kama anapapasa kovu. Kisha akauliza, "Huu mkono wa nani?"

Ningeweza kusema. Niamini, jina la Mama Neema lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nikawaza, je, kama huyu ni mmoja wa waamuzi, ametumwa kutuchunguza? Nikatabasamu.

"Mkono wangu, mama."

"Wako?"

"Wangu mwenyewe, toka kitako mpaka mdomo."

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka sana na ambaye ameambiwa akapumzike. Akauliza mara ya tatu, kwa sauti ya chini, "Mkono huu ni wako?"

Nikachukia. Nimekwambia nina hasira za karibu. "Sasa mama, nimeshasema ni wangu, au nile kiapo?"

"Haya," akasema. "Umesema mwenyewe. Nipe mkono."

Nikampa. Ungefanyaje? Mtu akikuomba mkono unampa, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Akaushika kwa mikono yake miwili, na ubaridi ukanipanda mpaka kwapani. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mbele yangu kulikuwa na ukungu tu.

Nikageuka kwa Mama Asali. "Yule mama amepita wapi?"

"Mama yupi?"

"Si huyu niliyekuwa naongea naye hapa, tukapeana mkono!"

Mama Asali akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo siipendi. "Wewe," akasema, "mimi nimenyanyuka muda tu nakuangalia. Ulikuwa umejishika mkono mwenyewe. Huu umeushika kwa huu, unajisalimia peke yako. Nikadhani unasali."

Nikashinda. Ndiyo, kikapu kile kilipata nafasi ya kwanza, wakanivisha taji la maua na kunipiga picha. Mgeni mmoja aliyekuwa safarini akakitaka papo hapo, nikamuuzia, akaondoka nacho kwenye gari lake. Jina sikumuuliza. Nilikuwa nimeuficha mkono ndani ya blanketi, nautaka upate joto.

Haukupata. Niliporudi Njombe nikakaa kibarazani kuanza kikapu kipya. Kitako kikatoka vizuri. Nilipofika kwenye nakshi, vidole vikaelekea kushoto. Nikafumua, nikaanza upya. Kushoto. Nikaukaripia mkono kama unavyomkaripia mbuzi, "We! Rudi huku!" Ukasuka mistari iliyopindapinda, laini, imekaza mpaka ungeweza kutilia maji. Siku nzima ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Ngazi za mama nazijua kichwani, naweza kukuchorea mchangani kwa mkono wa kushoto, lakini wa kulia hauzijui. Haujawahi kukutana nazo. Nililia, nakwambia. Nilililia mkono kama mtu analia msibani, na mkono wenyewe upo, umelala pajani kwangu.

Hospitali wakaupima wakaniambia ni mzima. Mchungaji akaniombea. Mwishowe nikafunga safari mpaka kwa Baba Neema.

Nilimkuta anajiandaa kwenda kwenye mkutano wa kijiji, amevaa koti lake la Jumapili. Nikamwamkia, nikaanza kueleza, na hapo ndipo mkono uliponitia aibu. Ulinyanyuka wenyewe. Ukaenda shingoni kwa yule mzee, ukamgeuzia kola iliyokuwa imekunjamana, ukamfutafuta bega mara mbili. Mimi, mke wa mtu, namfutafuta bega mwanamume asiye wangu! Baba Neema hakunisukuma. Alikaa chini kwenye kigoda akalia, mikono imefunika uso.

"Kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili alikuwa ananifanyia hivyo."

Alipotulia akaniambia lile neno. Kwao kazi ya marehemu haifungwi mdomo na mtu mwingine. Inabaki wazi vile vile, ili mwenyewe akipita aone kwamba hakuna aliyemmaliza. Asubuhi ile ya mnada alikosa chombo, akakitumia hicho, akidhani atakayenunua atamimina maharage na kumrudishia.

"Sasa mbona hukuniambia nirudishe?"

"Kilishanadiwa, dada. Kilikuwa cha Bwana. Niliona haya kumdai Bwana kikapu."

Akanipeleka kaburini, nyuma ya shamba la mahindi. Nikapiga magoti kwenye majani yenye umande nikasema kwa sauti, "Mama Neema, niliongopa. Si mkono wangu. Ni wako, toka kitako mpaka pale ulipoishia." Taratibu ule ubaridi ukanitoka, kuanzia kwapani kushuka mpaka kwenye kucha. Nikaruka juu kwa furaha, nikamkumbatia yule mzee.

Nikarudi nyumbani, nikaanza kikapu. Kushoto.

Baba Neema anasema mkewe amenisamehe, ndiyo maana ya lile joto, lakini kilichofungwa mdomo lazima kifumuliwe, na cha kufumua hakipo. Kiko nyumbani kwa mtu nisiyemjua jina, pengine anawekea vitunguu. Kila maonyesho ninayokwenda naulizia. Nimekwenda Dar, nimekwenda Mbeya, nauliza kama kichaa. Watu wanasifia vikapu vyangu, wanagombania, na kila mnunuzi namwambia, "Huu mkono wa Mama Neema." Wanadhani ni jina la biashara.

Mwaka jana nikajikaza nikaenda Ilembula kumwona mama. Nilikuwa namkwepa, napiga simu tu. Macho yake sasa yameingia ukungu, haoni isipokuwa mwanga wa mlangoni. Nikaingia, nikainama, nikampa mkono kabla sijafungua kinywa, kama tulivyozoea. Mama akaushika. Akauzungusha, akavipapasa vidole kimoja kimoja, vidole ambavyo yeye ndiye aliyevipangia milulu nilipokuwa mtoto. Akatabasamu kwa heshima, tabasamu la kumpokelea mtu baki.

"Kamwene, mgeni," akasema. "Karibu ukae. Umetokea wapi?"

Nikasema tu, "Mama, ni mimi."

Akashtuka, akageuza uso kunitafuta, lakini mkono akauachia. Mpaka nilipoondoka jioni hakuushika tena. Aliongea na mimi vizuri, akaagiza nipikiwe, akaniuliza habari za watoto, na kila nilipomsogezea mkono wa kulia alisogea pembeni kidogo. Nilipoaga nikampa wa kushoto. Huo aliushika, akaubusu, akalia.

Basi wewe unayesuka, unayeshona, unayechonga, unayefinyanga, sikuombi uniamini. Ila ukikuta kazi nzuri ya mtu imeishia njiani, iache imeishia. Na ukisimama nyuma ya meza yako, akaja mtu akakuuliza huu mkono wa nani, mtaje mwenyewe. Hata kama umeshinda nao usiku na mchana, hata kama mwenyewe hayupo tena wa kukusikia. Mtaje upesi, mara ya kwanza anapouliza.