Nyasi Tulizozifukia

Mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, naandika polepole. Leo nimeshainuka mara tatu kwenda kuutazama mto, na ukurasa haujaisha.

Mama na mimi tulishuka Muze, huku bondeni, kutoka Pito baada ya baba kufariki. Kule juu tunalima matuta ya mviringo: unapindua nyasi pamoja na udongo, unazifukia, zinaoza na kuwa mbolea. Mama alipopata shamba kando ya mto tulilima vivyo hivyo, tukafukia nyasi mpaka ukingoni kabisa. Mahindi yalistawi hadi majirani wakaja kuyaangalia.

Kisha mvua ikanyesha milimani siku kadhaa mfululizo. Mto ukabomoa ukingo, ukaingia kijijini.

Maji yalipokauka, mwenyekiti wa kijiji alituita tupange namna ya kujikinga. Alichora mto chini kwa majivu, magunzi yakawa nyumba zetu. Akauliza maji yalianzia wapi. Wengi walionyesha mahali jirani yetu mfugaji anaponyweshea ng'ombe.

"Ng'ombe wako wanakunywa mto au wanauchimba?" mzee mmoja akamtania.

"Wangejua kuchimba ningewakodisha kwenu msimu wa kulima."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mwenyekiti alikuwa ameshaweka jiwe pale: mifuko ya mchanga yote ingejazwa hapo, na mfugaji ahamishe boma lake.

Lakini mimi niliona. Asubuhi ya mafuriko nilikuwa shambani, matuta yetu yakimeguka moja baada ya jingine, maji yakipita hapo hapo. Njia ya ng'ombe ilikuwa bado kavu. Nilimtazama mama. Alikuwa akichomoa nyuzi za kanga yake.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Shikamooni."

"Marahaba. Sema, binti, hatung'ati," mwenyekiti akajibu.

Nikaenda nikaliokota lile jiwe, nikaliweka kwenye shamba letu. "Yalianzia hapa," nikasema. "Nyasi zilizoshika ukingo tulizifukia sisi."

Mpango ukabadilika. Mifuko ikaja kwetu, na nusu ya shamba ikatengwa ipandwe matete, lisiingie jembe tena. Mfugaji ndiye aliyeleta vipande vya kupanda, kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. "Wachimbaji wamefika," akasema. Mama alipanda pamoja nami kutwa nzima bila kuniambia neno.

Sasa mawingu yamerudi milimani na matete yamefika magotini tu. Kila nikienda navuta moja nione kama limeshika. Jana mama alinikuta.

"Ukiyavuta kila siku, yatashika lini?"

Ndilo neno refu zaidi aliloniambia tangu siku ya mkutano. Nikaliachia lile tete. Leo nimekwenda tena, mikono nimeifunga nyuma.

Wewe uliyekaa kando ya mto, niandikie: matete huchukua misimu mingapi ya mvua kushika udongo? Andika hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, kisha nitamsomea mama.