Alasiri kwa Fundi Athumani

Umeme unapokatika, mjukuu wangu huitoa pasi ya makaa tuliyoihifadhi jikoni ili anyooshe sare zake za shule. Harufu ya pamba yenye maji ikikutana na chuma cha moto inanifikia, na hapo mimi siko tena sebuleni kwangu. Niko Bagamoyo, kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa, miguu inaning'inia, na Fundi Athumani amejaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya kanzu ya mtu kabla ya kuikandamiza. Matone yalikuwa yakinirukia usoni. Nilijifanya kuudhika, lakini sikuwahi kusogea.

Msidhani nilizaliwa mtoto wa kukaa barazani kwa adabu. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vikuu, na baba yangu, aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya watengeneza barabara kule Kerege, alirudi nyumbani na homa na hakuamka tena. Mama alibaki na mimi na ukili wake wa kusukia mikeka. Mimi nilibaki na meno. Wa kwanza kuyaonja alikuwa baba mkubwa Selemani, kaka yake baba, aliyekuja matangani kutoka Saadani. Alijaribu kuninyanyua kwenye mkeka aliokuwa akilalia baba, nami nikamuuma mkono mpaka wanawake wakanyamaza kulia. Baada yake niliwauma wengi. Mtoto yeyote aliyetaja neno baba mbele yangu alikwenda kwao na alama.

Siku moja mvulana niliyekuwa nikisoma naye chuo cha Kurani, tukigombania kishada mbele ya duka lile, akanitupia maneno: niende basi nikamshitaki kwa baba yangu. Nilimrukia. Cherehani ya Fundi Athumani ikanyamaza. Nilikuwa nikimjua kwa sura tu, mtu mrefu, mkavu, mwenye sindano mbili tatu kifuani kama medali za askari. Alimwachanisha yule kijana na mimi, akamtuma kwao, akaniuliza ameniambia nini. Niliinama nikakiokota kishada. Hakuuliza tena. Alisema tu kwamba ana kitambaa kirefu cha kukunja na mikono yake ni miwili, kwa hiyo nishike upande wa pili. Nikashika. Tulikunja, tukasogeleana, tukarudi nyuma, tukakunja tena, na tulipomaliza hasira yangu ilikuwa imepoa bila mtu kuniambia nitulie.

Jioni ile alibisha hodi kwetu pamoja na mkewe, Bi Tatu. Eda ya mama ilikuwa imekwisha, lakini alizungumza nao akiwa nyuma ya pazia. Fundi aliomba, kwa maneno ya polepole kama mtu anayeposa, kwamba nikitoka chuoni niwe nakwenda kukaa naye barazani mpaka maghribi. Nikitaka sindano atanifundisha. Nikikosea, mama asione haya kumwambia, naye atanikanya kama anavyowakanya wanawe. Mama aliomba apewe muda wa kufikiri, kwa sababu aliijua midomo ya watu.

Na kweli midomo ilifunguka. Ilisemwa kisimani kwamba fundi anamtaka mjane na mtoto ni daraja la kuvukia. Bi Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliweka ndoo yake chini akawauliza wenzake, "Mume wangu akitaka mke wa pili, nyinyi mnadhani mshenga atakuwa mimi?" Wakacheka mpaka maji yakamwagika, na habari ile ikafia hapohapo. Keshoye mama alinisuka nywele, akaniruhusu niende.

Sikufundishwa mambo makubwa. Nilifundishwa kutunga uzi bila kuulamba mara kumi, na kupiga pindo lililonyooka. Nilipopinda, Fundi alikuwa akisema, "Fumua. Kufumua si aibu, aibu ni kuvaa nguo iliyopinda." Nilifumua mpaka ncha za vidole zikawa ngumu. Nilifundishwa kumsalimu mtu huku nikimtazama, siyo kuitupa shikamoo chini kama ganda la muwa. Siku nilipomjibu mama vibaya, habari ilifika barazani kabla yangu. Fundi hakunisemesha alasiri nzima. Mwishoni aliniambia kwamba kiti changu kipo, lakini kitaningoja mpaka mama yangu aseme kinanifaa. Nililia njia nzima, nikamwangukia mama miguuni. Nadhani mama alishangaa kuliko kufurahi.

Ni Fundi aliyeona kwamba nilikuwa nikizisoma herufi kwenye majora ya vitambaa, na ni yeye aliyezungumza na mama juu ya shule ya wasichana. Mwalimu mkuu alitaka kila msichana aletwe na baba. Fundi alivaa koti juu ya kanzu, akanishika mkono, tukaenda. Walipomuuliza kama yeye ndiye baba yangu, alijibu kwamba baba yangu amefariki na yeye ndiye aliyekuja. Wakaniandikisha.

Habari za shule zikafika Saadani. Haukupita mwezi, baba mkubwa Selemani akatokea, na moja kwa moja akamwambia mama amekuja kunichukua. Mtoto wa ndugu yake, alisema, hawezi kulelewa na fundi cherehani asiye na udugu naye hata wa mbali. Mama alilia kimyakimya, kwa sababu kwa mila maneno yale yalikuwa na uzito. Mimi nilijua Saadani hakuna shule ya wasichana, nikaanza kuyahisi meno yangu tena.

Fundi Athumani aliitwa. Walikaa barazani kwetu, na mimi na mama tulikuwa ndani tukisikiliza. Baba mkubwa alizungumza kwa muda mrefu juu ya damu na ukoo. Fundi hakumkatiza. Alipopewa nafasi alisema, "Yote uliyosema ni kweli, ndugu yangu. Mimi sina haki naye. Wewe unayo. Ninakuomba tu, kabla hujamchukua, umwite umtazame."

Niliitwa. Miguu ilikwishazoea adabu ya barazani; ilinipeleka mpaka mbele ya baba mkubwa, nikapiga goti, nikamtazama usoni, nikasema, "Shikamoo, baba." Nikaushika mkono wake kuubusu, na nikaona, karibu na kidole gumba, alama ndogo nyeupe. Tuliiona wote wawili.

"Huyu," alisema baba mkubwa taratibu, "ndiye aliyeniuma matangani?"

"Ni mimi, baba. Nisamehe."

Aliutazama mkono wake, akamtazama Fundi, akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa kicheko cha baba yangu hasa. Sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Mama alitokeza kichwa mlangoni. Wakakubaliana nibaki Bagamoyo nisome, na shule ikifungwa niende Saadani nikawajue ndugu zangu. Nilikwenda kila mwaka, nikampenda baba mkubwa, naye hakuchoka kuwaonyesha wageni lile kovu.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba baba aliniacha kwa wasia. Nilijitungia kisa kizima: baba anaumwa, Fundi ameketi kando yake, baba anamshika mkono na kumkabidhi mimi. Sikuona sababu nyingine ya mtu kujitwika mtoto wa mwenzake. Nilikuwa mtu mzima, tayari mwalimu wa ushoni, Fundi amekwishatangulia mbele ya haki, nilipomuuliza Bi Tatu wasia ule ulisemwaje. Alinitazama kwa mshangao. Hapakuwa na wasia wowote. Mumewe na baba yangu walikuwa wakisalimiana tu njiani, na huenda Fundi hakulijua hata jina lake.

"Alirudi siku moja kutoka kazini," aliniambia, "nikampakulia chakula, hali. Akasema, maghribi ikiingia watoto wote mtaani wanaitwa na baba zao, kuna mmoja haitwi. Anabaki pale peke yake anapiga mawe ukutani. Nikamwambia, basi si umwite wewe. Ndipo akala."