Kopo Langu na Ndege wa Telesphory

Mdogo wangu Telesphory alipiga picha za watu miaka thelathini katika studio yake ya Mwandiga. Paspoti, harusi, hata maiti kwenye jeneza. Simu zilipomuulia kazi, alirudi huku Ilagala na kamera yake shingoni, akaanza kupiga picha ndege. Nilimcheka. "Watu wamekwisha, fundi?"

Alichotaka ni picha moja tu, ya wale ndege weupe wanaotembea majini kwa miguu mirefu myekundu. Daktari alishamwambia ana presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Aliwataka kabla macho hayajafunga.

Sisi hapa jua linatoka nyuma yetu, nchi kavu, linazama ng'ambo ya ziwa, Kongo. Asubuhi kila kitu kina rangi yake. Mchana ukigeuka, jua linakuja usoni, maji yanawaka kama bati jipya, na ndege anakuwa mweusi tii. Telesphory alilijua hilo. Akaniomba asubuhi.

"Dada, wiki moja tu. Usilize hilo kopo."

Sisi tunaoanika dagaa tunatia kokoto kwenye kopo la maziwa, tunalifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Unatandaza dagaa, kopo linalia lenyewe, ndege wanakimbia. Wale wa miguu mirefu hata hawali dagaa. Nilijua. Lakini kunguru wanakula, nami sijazoea kufundishwa kuanika na mtoto niliyembeba mgongoni.

"Asubuhi ni ya dagaa," nikamjibu. "Wewe chukua mchana."

Akachukua mchana. Misimu miwili alikaa kwenye jua lile, machozi yanamtiririka, halafu ananiletea picha nizione.

"Hawa ni ndege au misumari?"

Anacheka. "Misumari, dada. Nimeipigilia mwenyewe."

Mwaka huu macho yamefunga. Asubuhi moja nikamshika mkono, nikamketisha kati ya vichanja vyangu. Ndege walikuwepo, kama ishirini hivi, hatua chache tu.

"Wamekuja?"

"Wamekuja."

"Miguu je?"

"Myekundu. Kama pilipili iliyoiva."

Akavua kamera, akanipa. "Basi piga wewe. Bonyeza hapa."

Nikaiinua kwa mikono miwili. Kopo likalia. Nilikuwa nimelifunga tangu alfajiri, kwa mazoea tu, wala sikulikumbuka. Wakaruka wote.

"Nini hicho?"

"Upepo," nikasema.

Hakukuwa na upepo. Akatabasamu upande nisiokuwepo. "Upepo wa kwako una kokoto, dada."

Nikamrudishia kamera yake. Samahani ilikuwa mdomoni, haikutoka, na mpaka leo haijatoka. Kopo nimelifungua mkononi, kunguru wanakula watakavyo. Naye kila asubuhi anakuja kwa fimbo, anakaa palepale, ananiuliza kama wamekuja.