Kasuku wa Bi Zuhura na Moshi wa Udi

Sijaisahau asubuhi ile, mwanangu, ingawa mengi ya zama zile yamenitoka. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa nimeolewa karibuni, tukikaa ghorofani Mji Mkongwe na mama mkwe wangu. Jirani yetu Bi Zuhura, mshonaji, alihamia Pemba kumuuguza mamake, akaniachia kasuku wake. Mwenyewe nilimwomba. Niliupenda mkia wake mwekundu na namna alivyopiga hodi kama mtu. Bi Zuhura alipoanza kunieleza malezi yake, nilimkatiza: "Nshajua, Bi Zuhura. Ndege tu huyu."

Nilikuwa sijui kitu.

Siku hiyo tulikuwa na harusi Jang'ombe. Nikatundika nguo chumbani, nikafukiza udi, nikafunga madirisha harufu isitoke. Tundu la kasuku lilikuwa humo humo. Nikateremka jikoni, nikanogewa na mazungumzo. Niliporudi, chumba kimejaa moshi, na kasuku kalala sakafuni mwa tundu, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Nikapiga ukelele. Mama mkwe alikuja mbio, akafungua madirisha, akanitia tundu mikononi. "Mtoe nje! Mpeleke kwa Mzee Haji!"

Mzee Haji aliuza kuku Darajani, na kwake alifuga ndege wa kila namna. Nilipita vichochoroni nusu nakimbia, naogopa hata kuchungulia tunduni. Nilipofika, shikamoo niliisahau.

"Umemfukizia?" aliuliza, akiliweka tundu kivulini penye upepo.

"Naam."

"Pafu la ndege dogo, binti. Moshi unaokunukisha wewe unamuua yeye. Hukuambiwa?"

"Sikutaka kusikiliza."

"Basi kaa. Usimshike, usimnyweshe. Tungoje."

Tulingoja mpaka alasiri. Harusi ikanipita. Mara mbili kasuku alifumba macho nikadhani keshakufa. Mwisho akajivuta, akapanda kijiti.

Alipona, lakini hodi hakuipiga tena. Sauti ilibaki mkwaruzo. Nilishawishika kumficha Bi Zuhura jambo hilo, nikasema nani atamwambia? Sikuweza. Nilimwandikia yote. Akajibu mistari miwili: nimrudishie ndege wake. Nikapanda meli mpaka Pemba, nikampa mkononi. Alilipokea tundu. Kiti hakunipa.

Sasa nasikia nawe umeahidiwa kasuku na umefurahi. Furahi, lakini kabla hujapokea, kaa na mwenyewe umuulize: ndege anakula nini, analala wapi, anaogopa nini. Tundu lake liwe mbali na jiko na chetezo cha udi. Ukisafiri, nani atambadilishia maji? Kama huna jibu, kataa kwa adabu. Kukataa si aibu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akujaalie mkono mpole, mwanangu, na subira ya kusikiliza mpaka mwisho. Kila roho itakayowekwa chini ya dari yako, Mola aijaalie amani kwako.