Hofu Yangu Ilikimbilia Kulia

Wanaosema nilirogwa wanamficha tajiri. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Sumbawanga gari likianguka watu wanatafuta mchawi kwanza, breki baadaye. Mimi sikurogwa. Mimi nilipewa funguo.

Nilivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo nikiwa dereva tayari. Shule niliishia darasa la nne, lakini lori nililijua kama mtu anavyojua mwili wake. Kule kwetu gari linapita mkono wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto. Huku kinyume: unapita kushoto, usukani uko kulia. Nililijua hilo kabla sijavuka, kila mtu analijua. Ila kujua ni kazi ya mdomo, na gari haliendeshwi kwa mdomo.

Tajiri alikuwa mnunuzi wa samaki, anawatoa ziwani na kuwapandisha mjini. Jina lake silitaji, lakini watu wa mtaa wa Malangali wanamjua. Nilimwomba siku chache nizunguke na pikapu tupu, nizoee upande. Akacheka.

"Gari ni gari, bwana. Kwani huko kwenu mnaendesha miguu juu?"

Huyo ndiye mkosaji wa kwanza. Wa pili ni kijana wa mjini aliyenitafutia leseni. Leseni ilikuja bila mimi kukaa kwenye usukani mbele ya mtu yeyote, na yeye aliniletea akitabasamu kama ameniletea zawadi ya harusi. Wa tatu nitafika kwake.

Siku za mwanzo nilikuwa kichekesho. Nikitaka kuwasha indiketa, waipa zinafuta jua. Nikitaka kubadili gia, mkono wa kulia unapiga mlango. Nilipofika kwenye ule mzunguko wa barabara wanaouita kipilefti nilisimama, nikawaacha wote wapite, waliotoka huku na waliotoka kule, mpaka kijana wa bodaboda akaja dirishani.

"Mzee, umeegesha au unauza?"

Nilicheka naye. Kumbe siku hizo ndizo zilikuwa nafuu. Makosa ya mchana, mtu ukiwa na akili zako, unayarekebisha.

Asubuhi ile ilikuwa ya masika, ukungu umelala juu ya mashamba mpaka huoni nguzo ya pili. Mke wangu, Mfipa niliyemwoa hapa hapa, alikuwa amekaa kushoto kwangu kwenye pikapu ya tajiri. Nilikuwa namshusha kwao, Kaengesa, kisha niendelee na samaki wa tajiri. Lori likatokea kwenye ukungu, limeingia upande wetu likikwepa shimo. Mtu akiogopa hafikiri. Mikono yangu ilikwenda ilikozoea kwenda miaka yote ya Kongo. Ilikwenda kulia. Na lori, lilipomaliza shimo lake, likarudi upande wake, ambao sasa ndipo tulipokuwa sisi.

Lilitupiga ubavuni, upande wa mke wangu. Paja lake likavunjika. Mimi mbavu, na meno ya mbele. Dereva wa lori alishuka, akatuangalia, akapanda, akaondoka. Huyo ndiye wa tatu. Tajiri alikuja hospitali mara moja tu, akauliza samaki wamekwenda wapi.

Mke wangu alitembea kwa gongo, baadaye bila gongo, mguu mmoja ukiburuta. Hakunilaumu. Siku moja tu, anachambua maharage mlangoni, alisema bila kuinua macho:

"Mimi na wewe tutalima, tutakula, tutazeeka pamoja. Ila gari ukiendesha wewe, sipandi."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Mbavu zilipona, lakini neno lile lilikaa. Mimi ufundi wangu ni mmoja, na mtu niliyetaka akae kando yangu ni mmoja.

Kazi mjini sikupata tena, tukahamia kwao kulima. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa na mkokoteni na maksai wawili, anabeba mahindi na matofali ya watu. Jioni moja akaniuliza ilikuwaje hasa. Nikamtajia wote: tajiri, kijana wa leseni, dereva wa lori. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wote hao wana makosa, shemeji. Lakini mikono ilikuwa ya nani?"

"Mikono yangu. Barabara yenu."

"Basi mikono ipelekwe shule."

Kesho yake akanipa kamba za maksai na kunipeleka kwenye barabara kubwa. Maksai kila mmoja ana upande wake kwenye nira, ukiwabadilisha hawaendi. Yule wa kushoto alikuwa amezoea kutembea kwenye ukingo wa lami, pua karibu na majani. Likija lori mbele, mikono yangu inavuta kulia, na yeye anagoma, anamvuta mwenzake na mkokoteni mzima kwenda majanini. Shemeji nyuma yetu anatafuna hindi la kuchoma.

"Shemeji, huyo wa kushoto ana leseni ya kweli."

Wapita njia nao hawakuninyima maneno. "Mkongo anafundishwa na ng'ombe," walisema, tena kwa sauti, nisikie. Nilikasirika sana siku hizo. Nilikuwa nimepita na lori milimani wakati huyu shemeji ananyonya.

Lakini nilianza kuona kitu. Kwenye gari hofu inakuja na kuondoka kabla hujaijua. Kwenye mkokoteni inakuja polepole. Lori unalisikia, unaliona dogo, linakua, na wewe una nafasi ya kuutazama mkono wako. Nilikuwa naukamata wangu kama mwizi dirishani, umeshaanza kuvuta kulia. Nauambia, wee, rudi. Unarudi. Shemeji akiona nimetulia sana anapiga kelele nyuma yangu, "Lori!", na hakuna lori. Tulivuna, tukapukuchua, na bado nabeba mahindi ya watu, mpaka siku moja shemeji akaacha kutafuna.

"Leo ng'ombe amekufuata wewe," alisema.

Baada ya hapo mama mmoja kutoka Mbeya, mnunuzi wa maharage, alitafuta dereva wa pikapu yake. Nilimweleza ajali yote, sikuficha kitu, na nikamwomba kile ambacho tajiri alikicheka: kuendesha gari tupu kwanza. Akakubali. Alikaa kando yangu wiki nzima, anaongea na simu, ananiangalia kwa jicho moja. Mwisho akanipa funguo.

Mke wangu aliona pikapu nyumbani, akapika, akaninawisha mikono. Ila kila safari alikwenda mjini kwa gari la mtu mwingine. Mpaka siku alipokuwa na magunia yake ya maharage ya kufikisha sokoni, na gari jingine halikuwepo.

"Nitapanda nyuma," alisema. "Juu ya magunia."

"Kwa nini nyuma na mbele kuna kiti?"

"Ili nikiona umerudi Kongo, niruke."

Akapanda. Ilikuwa mchana wa kiangazi, jua kali na upepo wa baridi, mwanga mweupe kila mahali. Tulipokaribia kilele cha mlima mdogo, lori likatokea juu, linalipita trekta, limejaa upande wetu mzima. Sikufikiri. Ndiyo maana naiamini siku ile, kwa sababu sikufikiri. Mikono ilikwenda kushoto. Pikapu ikaiacha lami, ikapasua majani, ikaingia kwenye shamba la alizeti zilizokwishavunwa, ikazimika. Lori likapita likinipigia honi, kama mimi ndiye niliyekosea. Madereva wa namna ile ndio wanaojaza makaburi, na bado wanasema uchawi.

Nikatoa kichwa dirishani.

"Upo?" niliita.

"Nipo."

Alishuka, mguu mzima kwanza. Akazunguka gari, akaangalia magurudumu, akaangalia kule barabarani tulikotoka. Alikuwa na makapi ya alizeti kwenye kitambaa cha kichwa.

"Umekwenda kushoto," alisema.

"Nimekwenda kushoto."

Vijana wawili wa bodaboda walisimama wakatusaidia kusukuma, mmoja akiniuliza kama shamba ndilo njia mpya ya mjini. Pikapu iliporudi kwenye lami, mke wangu alifungua mlango wa mbele.

"Ondoa hilo koti lako kitini."

Nikaliondoa. Akakaa, akavuta mkanda, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Taratibu," alisema. "Sijasema nimekuamini. Nimesema nakaa."

Tukashika njia. Kila lori lilipotokea mbele, nilisikia mguu wake ule uliovunjika ukikanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Nami nilikwenda mwendo aliotaka. Karibu na mjini likaja lori jingine, kubwa, limejaa mbao. Mguu ulitulia.