Mguu wa Mama Breki

Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kupanda gari moja na Mama Breki akashuka bila kusemwa. Hata wewe usingepona. Ungekaa kiti cha nyuma, umefunga mkanda, umenyamaza zako, na bado angegeuka akwambie kichwa chako kinamzibia dereva kioo. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva, na kazi hiyo kwake haikuwa na saa ya kufunga.

Jina walimpa wanafunzi. Gari la shule, lile dogo jeupe lenye kibao cha L juu ya paa, lilikuwa na pedali ya breki ya ziada upande wa kushoto, anapokaa mwalimu. Mpira wa pedali hiyo ulikuwa umelika ukabaki mwembamba kama soli ya ndala iliyochoka. Mwanafunzi akikaribia kona, breki. Akiona kuku ng'ambo ya barabara, breki. Akifikiria tu kukanyaga mafuta, mguu wa mwalimu umeshafika. Watu walimaliza masomo kwake wakiwa na leseni mkononi na maumivu ya shingo.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakupenda liguswe. Mama Breki mwenyewe alikuwa haendeshi. Shule ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na gari likibaki uani shuleni. Miaka ilikatika hivyo, yeye na kiti chake cha kushoto. Usukani aliushika wakati wa kuingiza gari uani tu, na hapo awe ameshafunguliwa geti pande zote mbili.

Aliyeligusa jambo hilo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza magodoro mwenye gari kubwa na sauti kubwa zaidi. Siku hiyo walikuwa wanamrudisha mama mkwe kutoka kliniki ya macho. Shemeji anaendesha, Mama Breki yuko pembeni yake, mama mkwe yuko nyuma na pamba juu ya macho.

"Shemeji, kona hiyo umeingia na gia kubwa."

"Sawa, shemeji."

"Huyo wa mbele amewasha taa za breki. Hujaziona?"

"Nimeziona, shemeji."

"Basi mbona mguu uko kwenye mafuta?"

Muuza magodoro alimeza hayo yote, akameza na mengine mpaka mzunguko wa sokoni, halafu yakamfika shingoni.

"Shemeji, naomba nikuulize. Wewe mara ya mwisho kuendesha gari ilikuwa lini? Kuendesha, sio kulikalia."

Mama Breki alihisi masikio yamepata moto. Hakuna kinachouma kama kejeli yenye ukweli ndani.

"Nitaendesha mpaka wewe uombe kushuka," akasema.

"Wapi? Uani shuleni kwenu?"

Sasa bahati mbaya wakati huohuo walikuwa wanapita bango la uwanja wa mbio za magari, ule wa nje ya mji. Bango lilisema mtu yeyote mwenye leseni anakaribishwa Jumamosi kujifunza kuendesha kwa kasi. Mama Breki akanyoosha kidole kabla akili haijamwahi.

"Pale."

Shemeji akacheka mpaka gari likayumba. Huku nyuma mama mkwe akaondoa pamba kwenye jicho moja.

"Haya, wekeaneni masharti nikiwa shahidi," akasema bibi huyo. "Nimechoka. Kila safari nakaa nyuma nasikiliza kelele zenu. Nataka safari moja ya kimya kabla hamjanizika. Wewe mkwe wangu, ukishindwa huko, hutamkosoa dereva tena ukiwa ndani ya gari la mtu. Salamu na asante, basi. Maisha yako yote."

"Na nikiweza?"

"Akiweza," akadakia shemeji, bado machozi ya kicheko yanamtoka, "mimi nitakaa kwenye kile kigari chake cheupe na kibao cha L juu, nijifunze upya, tena nipite mbele ya duka langu."

Wakashikana mikono. Kumkataza Mama Breki kumkosoa dereva ni kama kumkataza mwenzio chumvi mpaka afe. Alijuta kabla hawajafika nyumbani, ila alijua kurudisha maneno ni aibu kubwa kuliko kushindwa, kwa hiyo akajikaza.

Huko uwanjani utaratibu ulikuwa huu: mwanafunzi anaendesha akiwa na mwalimu pembeni, na mwalimu akiridhika anambandikia stika ya kijani kwenye kioo cha mbele. Ukishapata stika, unaruhusiwa kuzunguka peke yako. Zilibaki Jumamosi tatu kabla uwanja haujafungwa uwekwe lami mpya. Kwa hiyo kushinda au kushindwa kulikuwa ni stika hiyo tu.

Jumamosi ya kwanza akapewa gari chakavu lililong'olewa viti vya nyuma, akapewa na helmeti iliyombana mashavu. Akakaa kumngoja mwalimu wake. Akatokea dada mmoja mrefu, ana helmeti kwapani, na nyuma ya helmeti pameandikwa kwa rangi ya njano: KOBE.

"Shikamoo, mwalimu."

Mama Breki akamtazama, akamjua. Huyo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alikaa naye miezi na miezi, akakataa kumpeleka kwenye mtihani, na mbele ya wenzake akambatiza jina hilo kwa sababu gari lilikuwa haliendi. Siku moja binti akaondoka na hakurudi, akachukua leseni shule nyingine.

"Marahaba. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Na jina nimelitunza, unaona." Kobe akaingia, akafunga mkanda upande wa kushoto, akasema taratibu huku akitazama mbele: "Rekebisha vioo, shusha mabega, usiwe na haraka, hatuendi kuzima moto."

Yalikuwa maneno ya Mama Breki mwenyewe, aliyowaambia watu kila asubuhi ya Mungu. Halikupungua hata moja.

Siku hiyo acheni tu. Kila kona aliwasha indiketa. Uwanja mzima magari yananguruma, lake linalia tik, tik, tik, linaonyesha kwa heshima zote kwamba linapinda kulia, kana kwamba kuna njia nyingine ya kwenda. Alikuwa akitazama vioo mpaka akasahau kutazama mbele. Bwana mmoja mnene mwenye ovaroli nyekundu alimpita mara nyingi, na kila akimpita anampungia, na kila akimpungia Mama Breki anasoma makosa yake kwa sauti.

Kilichommaliza ni Kona ya Ndoa. Wazoefu waliipa jina hilo kwa sababu unaiingia kwa mbwembwe na kuitoka kimya. Alifika katikati yake, moyo ukampasuka, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Nyuma ya gari ikateleza, gari likazunguka, likasimama linatazama lilikotoka. Vumbi likatulia. Mama Breki akawasha indiketa.

"Unaonyesha unageuka?" akauliza Kobe. "Tumeshageuka, mwalimu."

Nyumbani alisema kona amezitambua. Mumewe akamsogezea stuli aweke mguu.

Jumamosi ya pili Kobe alimwambia ahame. "Leo kaa kwako," akasema, akimwonyesha kiti cha kushoto. Yeye akashika usukani, wakaondoka.

Jamani, mguu wa Mama Breki. Kila nyoofu, yaani kipande cha njia kisicho na kona, ilipokuwa inaisha, mguu ulikanyaga sakafu. Ulikanyaga na kukanyaga mpaka kapeti likakunjamana, kiatu kikamtoka, akaendelea kukanyaga na soksi. Alikuwa anatafuta pedali yake na haikuwapo.

"Huko chini hakuna kitu, mwalimu," akasema Kobe, bila kuondoa macho mbele.

"Na ukikosea mimi nifanye nini?"

"Utakaa."

"Nitakaa tu?"

"Wewe ukiwa unaendesha, mimi upande huo nafanya nini? Nakaa."

Mama Breki akaangalia sakafu. Hilo hakuwa amelifikiria. Wiki iliyopita, alipoligeuza gari kwenye Kona ya Ndoa, binti huyu alikuwa amekaa hapa, mbele yake hakuna chochote cha kukanyaga.

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Ndiyo maana nasema mapema, halafu nanyamaza." Kobe akapunguza mwendo, akaingiza gari pembeni, akazima injini. "Mwalimu, niseme kitu bila kukuvunjia heshima?"

"Sema."

"Mimi sikuwa kobe. Kila nikitaka kwenda, mguu wako unanizuia. Mwisho nikawa nakungoja wewe. Nikifika kona najiuliza, atakanyaga saa ngapi? Hata barabara nilikuwa siitazami, naangalia kiatu chako. Nilirudi nyumbani nalia, nikiamini kwamba siwezi."

Mama Breki alitaka kusema jambo kuhusu usalama barabarani, kwa sababu alikuwa nalo tayari, na lilikuwa kweli. Halikutoka. Aliona haya, haya ya kweli, na akashukuru kwamba helmeti inaficha uso.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

"Nilishasamehe. Lakini nilifurahi sana ulipogeuza gari." Kobe akacheka, na yeye akajikuta anacheka. "Haya, njoo uendeshe. Breki zimalize kwenye nyoofu. Likishaanza kupinda liache, usiligombeze. Na macho yasiangalie boneti, yaangalie unakotaka kutokea. Kona ya Ndoa, tazama lile tangi la maji. Mengine yote achana nayo."

Wakazunguka mpaka mafuta yakapungua. Stika hakupata.

Jumamosi ya tatu shemeji alikuja na kiti cha kukunja, miwani ya jua na mama yake. Bibi alikuwa ameshapona macho. Wakakaa nyuma ya uzio, usawa wa Kona ya Ndoa, mahali pazuri pa kuonea mtu akiaibika.

Mama Breki alitoka mwendo wa wastani. Mzunguko wa kwanza bado indiketa ililia.

"Ona, mama," shemeji akasema, hoi kwa kicheko. "Anaonyesha."

"Angalau yeye anajua anakokwenda," mama mkwe akajibu.

Mzunguko wa pili mikono ikalegea kidogo. Wa tatu bwana wa ovaroli nyekundu akampita, na yeye akamwacha apite, hakumsomea kosa hata moja. Kobe pembeni yake alikuwa anasema, "Breki sasa. Achia. Tazama mbali," mara kwa sauti, mara kwa sauti ndogo, halafu kidogo kidogo maneno yakawa yanapungua.

Wakaja Kona ya Ndoa kwa kasi ambayo Mama Breki hakuwahi kuigusa maishani. Akamaliza breki kwenye nyoofu, akapinda. Katikati ya kona akasikia nyuma ya gari inaanza kumtoroka, ileile, kama siku ile. Mguu ukaruka kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Akaukamata angani, nakwambia, akaurudisha ulipokuwa. Akatazama tangi la maji. Akaurudisha usukani kidogo tu, kama unavyomwekea mtoto aliyelala mto wake sawa, na gari likajikusanya, likatoka.

Hapo ndipo alipogundua kwamba Kobe hakuwa amesema neno. Kona nzima. Alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, hana pedali, hana lolote, anamwachia. Nyoofu iliyofuata Mama Breki aliiendesha akiwa na machozi.

Stika ilibandikwa palepale, na indiketa bado inawaka.

"Lakini kila mtu amempita," shemeji akalalamika. "Hata yule mnene."

"Hamkuwekeana masharti ya kumpita mnene," akasema mama mkwe. "Nenda kavae viatu vya kujifunzia."

Asubuhi ya deni, shemeji alikuja amevaa kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akabanwa kwenye kile kigari cheupe, magoti kwenye usukani, kibao cha L juu kinang'aa kwa sababu Mama Breki alikuwa amekiosha kwa sabuni makusudi. Mama mkwe akaketi nyuma na mkoba wake. Alisema haki lazima aishuhudie mpaka mwisho.

"Rekebisha vioo, shusha mabega," Mama Breki akasema. "Usiwe na haraka, hatuendi kuzima moto."

Kisha akavua viatu vyote viwili, akakunja miguu chini ya kiti, mbali na pedali yake, akanyamaza.

Shemeji akaingia barabara kuu na gia kubwa. Kimya. Akachelewa kuona taa za breki za wa mbele, akakanyaga breki zake kwa pupa. Kimya. Kwenye mzunguko wa sokoni akasahau indiketa, akamtupia jicho shemeji yake, akamkuta anatazama mbali huko mbele, ametulia tuli. Jasho likaanza kumtoka chini ya kofia. Akawasha indiketa upya, akaizima, akaiwasha tena.

Duka la magodoro likatokea. Wafanyakazi wake walikuwa wamejipanga nje, wengine wamekalia mali, na meno yote nje. Hapo mbele yao gari likamzimikia. Akaliwasha, likazimika tena. Wateja wakapiga makofi.

"Shemeji," akanong'ona, usukani ameukumbatia, "nimekosea wapi? Ni klachi? Mbona husemi? Nakuomba, sema chochote."

Mama Breki akageuka, akatazama kiti cha nyuma. Mkoba ulikuwa umeanguka sakafuni. Bibi ameegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, anakoroma polepole.

"Mama amelala," akasema. "Endesha."