Kompyuta ya Vitabu vya Ubatizo

Sifa na shukrani kwa Mungu, aliyenipa uzee huu na macho ambayo bado yanasoma herufi ndogo.

Tangu mama watoto alipotangulia, nyumba yangu ya Kizwite ina sauti mbili: upepo kwenye mabati na feni ya kompyuta. Kompyuta ni ya parokia. Nilipostaafu kufundisha hisabati niliombwa niitunze, nikahifadhi humo picha za vitabu vya ubatizo, ukurasa kwa ukurasa. Baadaye paa la ofisi lilivuja na vitabu vyenyewe vikagandamana kama matofali. Kwa kuwa umeme wetu hukatika bila hodi, nilikuwa nimeandika upya sehemu ya mfumo wa mafaili, ili kila picha iwahi kuingia diskini. Diski ile ikawa inasomeka kwenye kompyuta hiyo tu. Nilijivunia jambo hilo, Mungu anisamehe.

Mwezi wa saba, mama mmoja wa Wampembe, kule chini ziwani, alinipigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Naomba cheti changu cha ubatizo. Mzee wangu anaumwa sana. Miaka yote tumeishi bila ndoa ya kanisani, sasa ndiyo ana haraka. Anasema hataki kuzikwa kama mhuni."

"Na wewe unasemaje?"

"Mhuni ni mhuni tu, baba, hata akifunga ndoa. Lakini ni wangu. Nitafutie."

Nikafungua kwenye kompyuta kitabu cha Wampembe, kikubwa kuliko vyote. Kioo kikawa cheusi, kikajaa maandishi meupe: kiini cha mfumo, ile programu ya ndani inayoziamrisha nyingine zote, kimeanguka. Nikawasha tena. Kikaanguka palepale.

Paroko alikuwa tayari kupokea ushahidi wa wazee badala ya cheti. Mama akakataa. "Waliokuwapo siku ile wamekwisha wote. Nataka kuona nilivyoandikwa."

Basi nikaipanga kompyuta ili kila inapoanguka iache kwenye diski nyingine picha ya kumbukumbu yake yote, kama ilivyokuwa dakika ya mwisho. Nikaiagiza pia ijaze alama moja katika kila kipande cha kumbukumbu kilichokwisha kutumika na kurudishwa. Atakayeandika humo baadaye aonekane. Kwa siku nne, nikitoka misa ya asubuhi, nilikaa mbele ya picha hiyo na blanketi mabegani. Alama yenyewe ilikuwa sita na b, sita na b, sita na b. Nilisoma kwa sauti kama rozari, ila hapakuwa na wa kuitikia.

Siku ya nne alama ikakatika. Katikati ya kipande kilichorudishwa palikuwa na saa na tarehe ya kufunguliwa faili. Programu inayoandika saa mahali pale ni moja tu, na niliiandika mimi.

Huku kwetu kikapu cha jirani hakirudishwi kitupu. Utatia hata konzi ya ulezi. Mimi nilirudisha kipande cha kumbukumbu kwanza, ndipo nikatia saa. Kumbukumbu ilikuwa imeshapewa kazi nyingine, na saa yangu ikaangukia chakula cha mtu. Niligeuka kuelekea jikoni nimwambie mke wangu, maana angenicheka sana. Nikageuka tena.

Dawa ilikuwa kuupandisha mstari wa programu unaoandika saa juu ya ule unaorudisha kumbukumbu. Kitabu kikafunguka. Jina lake lilikuwapo kwa wino wa bluu, na la mama yake, na la msimamizi wake. Paroko akatia sahihi na muhuri, cheti kikateremka na gari la Wampembe. Nilimwambia paroko kwamba kosa lilikuwa langu, si la umeme kama alivyodhani.

Jumapili mama akapiga.

"Tumefunga jana, baba. Yeye kalala, mimi nimesimama. Padre amekuja hadi kitandani."

"Mungu ashukuriwe. Mzee anaendeleaje?"

"Anapungua. Ila cheti kiko chini ya mto wake, hataki kukitoa. Baba, umekula?"

Ilikuwa muda mrefu sijaulizwa.

"Bado, mama."

"Basi nenda ukale."

Nikaenda nikasonga ugali.

Wewe unayesoma haya, Mungu akujalie mtu wa kukuuliza kama umekula, na akupe moyo wa kumuuliza mwingine. Amina.